Kelele Zimeondolewa

4 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, na hao wachimbaji unaowapikia bado wana meno. Sisi huku hatujambo isipokuwa baba, na habari za baba nitazifikia, usiruke mistari. Paa nimeliziba mwenyewe pale lilipokuwa linavuja juu ya kitanda chako. Sasa linavuja juu ya changu. Paka amezaa ndani ya boksi la viatu vyako vya kutokea. Hatukuwa na roho ya kumfukuza, kwa hiyo ukirudi utavaa paka.

Mimi nimepanda cheo. Pale dukani kwa fotokopi bosi amenitoa kwenye ufagio akanikalisha mbele ya kompyuta. Wewe na baba mlikuwa mnasema mtu aliyeacha shule njiani ataishia kusukuma mkokoteni. Basi njoo uone wenye shahada zao wanavyopanga foleni mbele yangu wakinibembeleza. "Kijana, nisaidie, faili langu linakataa kwenda." Mimi kwanza nakohoa, ndiyo naligusa.

Nikupe siri, usiwape wachimbaji. Sinunui programu hata moja. Kila kitu kiko bure mtandaoni. Unafungua tovuti, unaburuta faili lako, unabonyeza, unasubiri kidogo, unapakua. Picha nzito, kuna tovuti ya kuipunguza. Kurasa zimetawanyika, kuna ya kuziunganisha. Mtu kaja na picha ya pasipoti, nyuma yake kamba ya nguo, kuna tovuti inafuta kamba, inafuta nguo, inamfuta na jirani anayeanika. Juzi ilimfuta mteja sikio. Nikamwambia, mzee, geuza uso kidogo tupige upya, hilo sikio lako halikubaliki kimataifa. Wananiita Daktari wa Mafaili. Jina nimejipa mwenyewe, ila limeshika.

Sasa baba. Lile donge la kooni, daktari wa kweli amesema halina dawa ila kisu. Wataondoa kikoromeo chote. Atakula, atatembea, atapumulia tundu la shingoni, lakini kusema ndiyo basi. Baba huyu huyu ambaye soko zima linamwita Spika, akinadi nguo sokoni watu wa mtaa wa pili wanashika pochi zao. Siku hizi unatoka mkwaruzo tu, kama bati linaburutwa kwenye sakafu. Watamkata mwezi ujao.

Hajakutaja. Mimi pia sikumwambia kwamba nakuandikia.

Mdogo wako,
Daktari wa Mafaili


19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Jikoni tumeletewa tanuri jipya, linaunguza upande wa kushoto na kuacha mbichi wa kulia, kwa hiyo nusu ya kambi inanisifu na nusu inanitukana. Simu bado zinakusanywa getini. Wanasema tutapiga picha mgodi wao, kana kwamba kuna mtu anatamani picha ya shimo. Kinachoruhusiwa ni redio ndogo tu. Yangu ina tundu la kadi ya kumbukumbu.

Hongera kwa cheo. Yule wa sikio mpe pole zangu.

Sasa nisikilize na uache domo. Kabla hawajamkata baba, mrekodi. Mwambie wazi ni kwa ajili yangu. Asisome kitu, na wewe usimfundishe la kusema. Mwache aseme anavyotaka, hata akitukana. Tia kwenye kadi, umpe dereva wa lori la chakula, atanifikishia. Akikataa usimlazimishe. Niandikie tu kwamba amekataa, nami nijue nimesimama wapi.

Ulikuwepo siku ile sokoni, umebeba rundo la mashati, usijifanye hukuona. Nimetoka kwa yule mume na begi langu begani, uso umevimba, sina mlango mwingine wa kugonga. Baba akapanda juu ya meza yake, na ile sauti yake, akaninadi kama nguo iliyorudishwa na mteja. "Nani anamchukua huyu? Imevaliwa kidogo! Bei ya kutupa!" Soko zima lilicheka. Mpaka muuza vitunguu, ambaye nilimlea mtoto wake.

Kesho yake nilipanda lori la kuja huku. Tangu hapo sauti ya baba ninayo kichwani, na haina maneno mengine ila hayo. Nataka anipe mengine kabla haijakatwa. Ndiyo hitaji langu lote.

Wasalimie paka.

Dada yako


11 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Kaa chini kwanza, habari ni njema. Baba ametoka chumba cha upasuaji akiwa hai, ana tundu lake shingoni na mirija kama pikipiki. Hasemi tena, lakini masikio yake mazima, na macho yanasema, hasa nikichelewa kurudi. Tumemnunulia kibao na chaki. Neno la kwanza aliloandika ni "Chai." La pili, "Ya moto." Kwa hiyo huyo ni yeye, hajabadilishwa hospitalini.

Na kazi yako imefanyika. Nilimrekodi siku mbili kabla hajalazwa. Nilipomwambia ni kwa ajili yako nikadhani atanirushia kiatu. Akaamka, akaenda kunyoa ndevu. Nikamwambia, baba, hii ni sauti, siyo picha. Akanyoa, akavaa lile koti lake la mnada, akakaa ukingoni mwa kitanda, ndiyo akaniambia niwashe. Alisema sana, dada. Aliongea mpaka jasho likamtoka.

Sasa usikie ufundi. Ile rekodi ilikuwa chafu kama kitambaa cha gereji. Jirani na cherehani lake upande huu, mfereji unadondoka upande ule, kuku wa mtu wanagombana dirishani. Mtu wa kawaida angekutumia hivyo hivyo. Mimi nikaipeleka dukani. Tovuti ya kwanza nikakata mwanzo na mwisho. Ya pili, ya kuondoa kelele. Unaburuta, kimstari kinatembea, kisha inakuandikia: "Kelele zimeondolewa." Ya tatu nikapunguza uzito. Ya nne nikaigeuza iwe ya aina ambayo redio yako inakula. Zote bure! Wale wa studio kule mjini wangeninyang'anya shati kwa kazi hiyo.

Sikuisikiliza tena kwa sababu foleni ilikuwa imefika mlangoni na mashine imemeza karatasi, ila niliyaona mawimbi yake kwenye skrini. Safi! Yamenyooka kama barabara mpya ya lami. Simu yangu nayo ilikuwa imejaa mpaka inagoma kupokea ujumbe, nikafuta kila kitu cha zamani, sasa inakimbia kama imeiba.

Kadi ndiyo hiyo ndani ya karatasi ya sabuni. Ukimaliza kulia, unisifu.

Mdogo wako,
Daktari


30 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimepokea kadi, na nimeshukuru kwamba baba ametoka salama.

Nilisubiri wenzangu waende kuoga. Nikafunga mlango wa ghala, nikakaa juu ya gunia, nikawasha redio.

Nimekusikia wewe. Safi kabisa, kama umekaa na mimi kwenye gunia. Baba hayumo.

Unasema, "Haya baba, inarekodi." Halafu kimya. Kimya chenyewe siyo cha chumba chenye watu, hata pumzi hamna. Kisha wewe unasema, "Mm." Kimya. "Ndiyo." Kimya kirefu. Unacheka. "Ndiyo, baba, naam." Kimya kirefu kuliko vyote. Kisha unasema, "Sawa, sawa, nitamwambia akujibu." Kimya tena. Na mwisho kabisa, "Fupisha baba, fupisha, ikizidi hapa hawapokei bure."

Imekwisha hapo.

Nimeirudia mpaka betri zimelegea. Hiyo tovuti yako imesikia mkwaruzo wa baba ikaona ni kelele. Imemfagia pamoja na cherehani na kuku. Umeniletea baba aliyesafishwa mpaka hayupo.

Nitumie ile ya kwanza, ile chafu, na kila kuku aliyemo. Na uniambie ulikuwa unacheka nini. Na baba ameuliza nini, maana naona nilitakiwa kujibu.

Dada yako


27 Mei

Dada yangu mpendwa, mpendwa sana,

Shikamoo nyingi. Hali ya hewa huku nzuri. Bosi anakusalimia, ingawa hakujui. Watoto wa paka wameanza kuwinda panya, mmoja ana kiburi anafanana na wewe. Jirani wa cherehani amehama. Sasa ndiyo anahama! Nimechelewa kukuandikia kwa sababu ya kazi, kazi ni nyingi, watu hawaishi kuwa na mafaili.

Kuhusu ile kadi. Kwanza umeichunguza vizuri redio yako? Redio nyingine zina ubaguzi. Dereva naye nimemuuliza kama aliiweka karibu na spika za lori, akanitukana matusi ambayo siwezi kukuandikia.

Sawa. Ile ya kwanza haipo. Niliifuta nilipokuwa nasafisha simu. Nikasema si kitu, itakuwa imebaki kule kwenye tovuti, nikakimbilia dukani. Chini kabisa wameandika kwa herufi za sisimizi: "Mafaili yako hufutwa baada ya saa moja kwa usalama wako." Usalama wangu! Nani aliniwinda? Nikawaandikia kwenye kile kisanduku chao cha maoni, kwa herufi kubwa tupu, nikawaeleza kila kitu, baba, kisu, ndevu, wewe. Wakanijibu papo hapo kwamba wamefurahi kunihudumia na je, ningependa kuwapa nyota ngapi.

Nilichocheka ni picha aliyonitumia mwenzangu ikatokea kwenye skrini, mbuzi kavaa miwani. Basi. Mbuzi.

Dada, mimi nilikuwa natazama kile kimstari chekundu cha kurekodia kwenye simu, kisije kikapita kipimo cha bure cha tovuti. Ndivyo ninavyofanya kazi. Mteja anaongea, mimi nasema ndiyo, naam, macho kwenye skrini. Lakini swali nalijua. Aliuliza kama utarudi nyumbani. Mia kwa mia. Angeuliza nini kingine? Habari za tanuri?

Na hebu mjibu haraka, maana nakosa amani. Kila nikiingia mlangoni ananyanyua kibao: "Amejibu?" Jana nikajaribu ujanja. Nikasema, baba, hebu liandike tena lile swali, tuliweke kwa kumbukumbu. Akaandika: "Nilishasema. Analijua." Akanitazama kama ananidharau.

Hajui kwamba hukumsikia. Sikumwambia. Wewe ungemwambia? Mtu alinyoa ndevu kwa ajili ya maneno yake ya mwisho, halafu nimwambie yametupwa na takataka, nilikuwa natazama mbuzi?

Ukitaka, iko tovuti nyingine, bure pia. Unaandika maneno, unachagua "mzee", inasema. Mkwaruzo naweza kuutia mwenyewe.

Mdogo wako


16 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Ukithubutu kuniletea mzee wa tovuti nitakuja huko kwa miguu, nikuburute mpaka huku na kukutia wewe kwenye hili tanuri letu, upande wa kushoto.

Mia kwa mia yako naijua. Mia kwa mia mvua hainyeshi, tukalowa. Mia kwa mia mbwa haumi, ukachomwa sindano tumboni ukilia jina langu. Kwa hiyo sikukuamini. Nimekwenda nalo hilo swali jikoni, nimelikoroga na kila nilichokoroga. Wachimbaji wamelalamika chumvi, nimewaambia wale au waache.

Kila nikigeuza naishia pale pale uliposema wewe. Mtu anayejua anapoteza sauti yake, akavaa koti, akakaa kitandani kunisemea mimi, ataniuliza nini kama si kurudi? Na hapa ndipo panaponiuma. Tangu nifike huku jibu la swali hilo nilikuwa nalo tayari. Hapana. Nilikuwa nalilaza kando yangu kila usiku, nimelinoa, nangoja tu aniulize ili nimrushie. Ningelikuwa nimelirusha siku hiyo hiyo kama kadi ingefika na sauti yake ndani. Naijua hasira yangu.

Lakini ameniuliza mwezi wa nne na sasa ni wa sita, na anaendelea kunyanyua kibao. Baba hajawahi kumsubiri mteja kwa dakika moja. Hasira inachoka pia, mdogo wangu, na yangu imechokea mlangoni pa ghala nikisikiliza kimya chako na "ndiyo, baba, naam."

Mjibu hivi: ndiyo. Liandike kwenye kibao chake kwa mkono wako, neno hilo tu. Usitie mbwembwe, usieleze, usitabasamu kwa niaba yangu. Ukiongeza kitu utakiharibu, tunakujua. Mkataba wangu unaisha Desemba na nikitoka kabla yake hawanipokei tena, kwa hiyo nitakuja Desemba. Hilo la Desemba usimwambie bado, nataka nimtokee mlangoni mwenyewe. Kwa sasa neno moja linatosha.

Sijui kama utaelewa neno hilo limenitoka wapi. Nimeliandika nikachana, nikaliandika tena.

Dada yako


2 Julai

Dada,

Shikamoo. Leo sina habari za paka.

Nimefanya ulivyosema. Nilimkuta amekaa dirishani. Aliponyanyua kibao, "Amejibu?", nikakichukua, nikafuta, nikaandika NDIYO, chini nikaandika "Dada". Nikamrudishia, nikasimama hapo kama mhudumu anayesubiri kusifiwa. Sikutia mbwembwe hata moja. Siku moja maishani nimefuata maelekezo.

Alisoma. Akakisogeza karibu akasoma tena. Akatikisa kichwa polepole, kama mteja aliyetajiwa bei na anajua hawezi. Kisha akafuta kwa mkono wa koti, akaandika: "Ana haki."

Nikamwambia haki gani baba, mbona ni habari njema, dada amekubali. Nikamwambia, ulimuuliza nini? Akaandika, na chaki ilikuwa inamvunjikia: "Kama bado ananichukia kwa yale ya sokoni."

Nikamwambia hapana, hapana, subiri. Nikamwambia yote palepale. Kimstari chekundu, tovuti, "Kelele zimeondolewa", kufuta simu, ile saa moja, mbuzi. Nikamwambia hukusikia hata neno, ulijibu swali nililolibuni mimi, ndiyo yako ni ya kurudi nyumbani. Nikamwambia na la Desemba, unisamehe. Nilisema mpaka sauti ikakatika. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini. Halafu akaandika: "Unamtetea dada yako."

Nikaapa kwa kaburi la mama. Akaandika: "Uliapa na ile ya baiskeli."

Ile ya baiskeli unaikumbuka. Na ya shule, na ya mbwa, na zote. Nimemdanganya baba maisha yangu yote naye akawa anacheka na kuniamini. Siku nimeleta kweli kavu, imefanana na uongo wangu mzuri kuliko wote. Hata mimi nilipokuwa nasema nilijisikia nadanganya. Nani ataamini habari ya mashine inayosikia mtu mzima ikamwita kelele?

Nilitaka kumwonyesha kadi, unayo wewe. Nikataka kumsomea barua yako, akageuza uso, akadhani nimeiandika mimi, dukani, kwenye kompyuta zangu. "Si unajua kutengeneza kila kitu," akaandika. Hilo ndilo la mwisho. Tangu hapo haandiki. Nikimpa chaki anaishika tu. Chakula anakionja na kukirudisha. Daktari amemtazama, anasema kidonda kimepona vizuri sana, haoni sababu.

Nimemwambia, na kesho nitamwambia tena, lakini haniamini, na hana kosa. Desemba ni mbali. Najua hawatakupokea tena hapo kambini, najua ninachokuomba. Usijibu barua hii. Lori lililokuletea barua hii likishusha mizigo linageuza kurudi huku jioni hiyo hiyo.

Panda.

Mdogo wako